Sauti ya marehemu ni amana

  

Ndugu msomaji, siku moja baada ya swala ya Isha tulijiwa na vijana wawili, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, wamebeba sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na kanda zaidi ya arobaini za darsa za tafsiri. Marehemu baba yao, maalimu aliyewasomesha watoto wa mtaa wake kwa miaka mingi, alizirekodi mwenyewe kwa redio kaseti akiwa barazani kwake. Yule kijana mdogo ana ujuzi wa kompyuta. Alikwisha kuzisafisha kanda tatu: ameondoa kikohozi cha mzee, ameondoa jogoo na kelele za watoto, na chini ya maneno ya mzee ameweka kaswida ya sauti ndogo. Walitaka tuzisikilize na tuwaombee dua kabla hawajaanza kuziuza.

Tulisikiliza, na kwa hakika kazi ilikuwa nzuri. Kisha tukaomba tusikilize na kanda ya asili. Katika kanda ile, mzee anapofika katika mas'ala fulani ya mirathi, anasita, na anasema kuwa hilo hana hakika nalo na kwamba atalirejea wiki ijayo akishatazama kitabu. Katika kanda mpya maneno hayo hayamo. Kijana aliyakata kwa nia njema, akiona yanampunguzia baba yake heshima. Matokeo yake ni kuwa marehemu anasikika akikata shauri kwa yakini katika jambo ambalo alipokuwa hai alikiri kutokuwa na yakini nalo.

"Sheikh, hatukuongeza hata neno moja," kijana alijitetea. Na alisema kweli. Hakuongeza neno. Alipunguza moja tu, na kwa kupunguza huko akamtia baba yake kauli isiyokuwa yake.

Tuliwaomba vijana wale watupe muda wa wiki moja. Katika kulifikiri jambo lao, mfano uliotujia akilini haukutoka madrasa wala chuoni, bali ulitoka Marekani, katika habari za mwimbaji Michael Jackson na albamu zilizotolewa kwa jina lake baada ya kufa kwake. Huenda baadhi ya wasomaji wakastaajabu kumwona mtu huyo katika ukurasa huu. Tunapenda kubainisha mapema kwamba hatukukusudia leo kuingia katika khitilafu za wanavyuoni juu ya muziki na ala zake, kwani hizo zina mahali pake. Hatukukusudia pia kuhukumu mwenendo wake. Alishitakiwa kwa mambo mazito, mahakama ikamwachia huru mwaka 2005, na tuhuma nyingine zikatolewa baada ya kufa kwake. Hesabu ya mja iko kwa Mola wake. Tunachokitafuta ni kitu kimoja: mtu akifa na kuacha kazi ambayo hakuikamilisha, aliobaki nao wana haki gani juu ya sauti yake?

Mtu asiye mgeni kwetu

Michael Jackson alizaliwa tarehe 29 Agosti 1958 katika mji wa Gary, jimbo la Indiana, na akafariki Los Angeles tarehe 25 Juni 2009, akiwa na umri wa miaka 50, wiki chache kabla ya kuanza mfululizo wa maonyesho hamsini aliyokuwa ameyapanga mjini London. Albamu yake ya "Thriller" ya mwaka 1982 ni miongoni mwa zilizouzwa zaidi duniani tangu watu walipoanza kuuza muziki.

Watu wa pwani yetu wana kumbukumbu zao juu yake. Mwezi Februari 1992 alifika Dar es Salaam, akapokewa na Rais wa Awamu ya Pili, marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, na akawatembelea watoto wenye ulemavu wa akili katika kituo chao cha Sinza. Wimbo wake "Liberian Girl", uliomo katika albamu ya mwaka 1987, unaanza kwa maneno ya Kiswahili yaliyotamkwa na mwimbaji Letta Mbulu wa Afrika Kusini. Na baada ya kesi ya mwaka 2005 aliondoka Marekani akaenda kukaa Bahrain kwa muda, akiwa mgeni wa mmoja wa wana wa mfalme wa nchi hiyo. Kwa hiyo habari zake zilipita majumbani mwetu, na hata waliokuwa hawasikilizi nyimbo zake walilijua jina lake.

Alipokufa aliacha mama, watoto watatu wadogo, na madeni yanayozidi dola milioni 400. Aliacha pia wasia wa maandishi wa tarehe 7 Julai 2002. Wasia ule ulimtaja mwanasheria John Branca na mtu wa muziki John McClain kuwa miongoni mwa wasimamizi wa mirathi, ukaagiza mali yote iingizwe katika amana ya familia, na ukamtaja mama yake kuwa mlezi wa watoto. Waislamu tunajua umuhimu wa wasia, na katika hili hatuna budi kukiri kwamba mtu yule aliandika jambo ambalo wengi wetu tunakufa bila kuliandika. Lakini wasia ule mfupi haukueleza ni nyimbo zipi zilizobaki katika makabati ya studio zitolewe, na zipi ziachwe.

Nazo zilikuwa nyingi. Mtu huyu alijulikana kwa tabia ya kurekodi nyimbo nyingi kuliko atakazozitumia, kisha kuchagua chache na kuziweka nyingine kando. Nyingine alizirudia kwa miaka kadhaa na bado asiridhike nazo. Ukimtazama kwa jicho la haki, kila utepe alioufungia kabatini ulikuwa na maana ile ile ya maneno ya maalimu wetu: hili bado, nitalirejea.

Albamu mbili, njia mbili

Mwezi Machi 2010 wasimamizi wa mirathi waliingia mkataba na kampuni ya Sony, ambao taarifa za wakati ule zilisema thamani yake ingeweza kufikia dola milioni 250. Tunda la kwanza kubwa la nyimbo ambazo hazijapata kutolewa lilikuwa albamu iliyoitwa "Michael", ya Desemba 2010, yenye nyimbo kumi.

Kabla hata haijafika madukani ikazuka fitina. Nyimbo tatu miongoni mwa zile kumi zilisemwa kuwa zilirekodiwa mwaka 2007 katika nyumba ya marafiki zake huko New Jersey. Baadhi ya watu wa familia yake wakasema waziwazi kuwa sauti ile si ya ndugu yao. Wasimamizi wakajibu kuwa wataalamu wa sauti wameichunguza na kuithibitisha. Mwaka 2014 shabiki mmoja wa California alifungua kesi kwa hoja kwamba aliuziwa kitu ambacho sicho kilichoandikwa juu ya kasha lake. Kesi ilikwenda ikipanda mahakama kwa miaka minane. Julai 2022 nyimbo zile tatu ziliondolewa katika majukwaa ya kusikilizia muziki kwenye intaneti. Agosti 2022 Mahakama Kuu ya Juu ya California ikaamua kwamba maneno yaliyoandikwa juu ya kasha la albamu ni tangazo la biashara, na yanaweza kuhojiwa kwa sheria ya kuwalinda wanunuzi. Mwezi huo huo pande zote zikamaliza shauri kwa suluhu. Uadilifu unatutaka tuseme pia kwamba hakuna mahakama iliyotoa hukumu kuwa sauti ile haikuwa yake. Jambo lenyewe lilibaki katika shaka, na shaka hiyo imeliganda jina la mtu asiyeweza kuinuka akasema "hii ni yangu" au "hii si yangu".

Albamu ya pili, iitwayo "Xscape", ilitoka Mei 2014, na hii ndiyo inayostahiki kutazamwa kwa makini. Mkuu wa kampuni ya Epic wakati ule, L.A. Reid, alipekua hazina ya rekodi za marehemu na kuchagua nyimbo nane. Sharti lake lilikuwa moja: awe marehemu mwenyewe alikwisha kuimba wimbo ule kwa ukamilifu. Nyimbo hizo zilitoka katika vipindi mbalimbali vya maisha yake, kuanzia mwaka 1983 hadi zama za albamu yake ya "Invincible" iliyotoka mwaka 2001. Kisha sauti ikatengwa na muziki wake wa awali, wakapewa watayarishaji wa zama hizi, wakiongozwa na Timbaland, nao wakaijengea muziki mpya ili ipokewe na vijana wa mwaka 2014.

Mfano mmoja utatosha kumwonyesha msomaji kilichofanyika. Wimbo "Love Never Felt So Good" ulirekodiwa mwaka 1983, marehemu akiwa na mtunzi mwenzake Paul Anka, kwa piano tu na sauti. Katika albamu ya 2014 wimbo huo ulitolewa pia kwa namna ya watu wawili wanaoimba wakipokezana: Michael Jackson na Justin Timberlake. Mwaka ule wa 1983 Timberlake alikuwa mtoto wa miaka miwili. Watu wawili wanajibizana kana kwamba wamesimama chumba kimoja, na ukweli ni kwamba hawakuwahi kuuimba pamoja hata mara moja.

Siku chache baada ya albamu kutoka, tarehe 18 Mei 2014, katika hafla ya tuzo za Billboard mjini Las Vegas, taswira ya mwanga iliyofanana na marehemu ilionekana jukwaani ikicheza na kuimba, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Alikuwa ameshakaa kaburini takriban miaka mitano.

Hata hivyo, albamu hii ya pili ilikuwa na sifa ambayo ile ya kwanza ilikosa. Toleo lake kubwa lilikusanya nyimbo zote nane zilizotengenezwa upya, na pamoja nazo zile nane za asili, jinsi marehemu alivyoziacha. Mnunuzi aliweza kusikiliza kazi ya marehemu, kisha kazi ya waliomfuatia, na kujua mpaka uko wapi. Wako wengi waliosikiliza zote mbili wakaona ile ya asili, pamoja na upungufu wake, ndiyo bora. Lakini kubwa zaidi ni kwamba waliachiwa nafasi ya kuona hivyo.

Wanavyuoni walivyokamilisha kazi za wenzao

Huenda msomaji akasema kuwa hayo ni mambo ya waimbaji na wafanyabiashara. La hasha. Suala la kukamilisha kazi ya aliyekufa ni la zamani katika elimu yetu, na wanavyuoni wetu walilitolea mfano ulio wazi.

Ni nani aliyesoma madrasa asiyeijua Tafsiri ya Jalalayn? Jina lake lenyewe maana yake ni "Jalali wawili". Imam Jalaluddin al-Mahalli alianza kutafsiri kutoka Suratul-Kahf hadi mwisho wa Qur'ani, akairejea Suratul-Fatiha, kisha mauti yakamfika mwaka 864 Hijria. Miaka sita baadaye, kijana Jalaluddin as-Suyuti, ambaye umri wake ulikuwa bado haujatimia miaka 22, akaifanya sehemu iliyobaki, kutoka Suratul-Baqara hadi Suratul-Israa. Alifuata mtindo wa mwalimu kwa ukaribu kiasi kwamba msomaji wa kawaida haoni tofauti. Angeweza kunyamaza, na kitabu kikaonekana cha mtu mmoja. Hakunyamaza. Mwishoni mwa sehemu yake aliandika kwamba hapa ndipo ilipoishia kazi yake, na akamtaja aliyemtangulia kwa heshima na kumfadhilisha juu ya nafsi yake.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kitabu kikubwa cha fiqhi ya Kishafii, al-Majmu'u cha Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria kabla hajakimaliza. Imam Taqiyyuddin as-Subki alikiendeleza, naye hakukimaliza, na katika karne iliyopita Sheikh Muhammad Najib al-Muti'i akakikamilisha. Mwanafunzi akikifungua kitabu hicho leo anajua ni wapi anamsoma Nawawi na ni wapi anawasoma waliomkamilishia.

Na katika elimu ya hadithi mko mlango mzima uitwao "mudraj", yaani maneno ya mpokezi yaliyoingia ndani ya maneno ya asili hata yakadhaniwa kuwa ni yake. Imam al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, alitunga kitabu maalumu kwa ajili ya kuyatenga maneno ya namna hiyo. Mara nyingi maneno hayo yalikuwa sahihi na mazuri, ni maelezo tu ya mwalimu kwa wanafunzi wake. Pamoja na hayo, wanavyuoni walitumia umri wao kuyatoa na kuyarudisha kwa wenyewe, kwa sababu uzuri wa neno haumpi mtu ruhusa ya kulitia katika kinywa cha mwingine.

Kutokana na hayo tunaona kwamba kukamilisha kazi ya marehemu si kosa kwa nafsi yake, na pengine ni wema mkubwa. Kosa linaingia pale mpaka unapofutwa. Albamu ya mwaka 2014, kwa kuziweka rekodi za asili pembeni ya mpya, ilijikurubisha na njia ya as-Suyuti. Ile ya mwaka 2010 iliuacha mpaka katika giza, na giza hilo likazaa kesi ya miaka minane.

Hoja ya deni

Iko hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito, na si haki kuipita. Wasimamizi wanaweza kusema: marehemu aliacha madeni makubwa na watoto wadogo. Je, tungeacha mali imelala kabatini ilhali wadai wanadai?

Katika sheria yetu deni hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi, na tumefundishwa uzito wa mtu kufa na deni shingoni. Kwa hiyo kutumia mali aliyoiacha marehemu kulipa madeni yake ni jambo la kusifiwa, na hatuwezi kuwalaumu wasimamizi wale kwa hilo. Mirathi ile ilitoka katika madeni na ikawa miongoni mwa mirathi zenye utajiri mkubwa. Mwaka 2016 peke yake iliuza kwa Sony nusu yake ya kampuni ya haki za nyimbo kwa dola milioni 750.

Lakini kadiri mali inavyokuwa nyingi ndivyo udhuru wa deni unavyopungua, na ndivyo swali linavyobadilika. Deni likishalipwa, ni nani anayenufaika na kila utepe mpya unaofunguliwa? Na je, sauti ya mtu ni mali kama nyumba na gari? Mahakama ya kodi ya Marekani ililikuta swali hili katika mirathi hiyo hiyo. Wasimamizi walitaja kuwa thamani ya jina na sura ya marehemu siku aliyokufa ilikuwa dola 2,105 tu. Mamlaka ya mapato ikadai ni zaidi ya dola milioni 160. Mwezi Mei 2021 jaji akaamua kuwa ni dola milioni 4.15. Hesabu tatu zilizoachana kwa mbingu na ardhi, na zote zinamhusu mtu mmoja. Hili latosha kutuonyesha kuwa tunakipima kwa mizani kitu ambacho mizani haikukizoea.

Tena haki haikuwa ya marehemu peke yake. Oktoba 2009 ulitolewa wimbo wa "This Is It" kama wimbo mpya wa marehemu, bila kumtaja Paul Anka aliyeutunga pamoja naye mwaka 1983. Anka alipojitokeza, wasimamizi walikiri kosa mara moja na kumpa nusu ya haki ya wimbo. Walifanya vyema kukiri. Na sisi tujifunze kwamba anayefungua sanduku la marehemu hukuta humo mali za watu wengine.

Kosa letu sisi

Ndugu msomaji, ingekuwa rahisi kuishia hapa, tukiwanyooshea kidole watu wa Los Angeles na New York. Lakini kalamu inatutaka tukiri la kwetu.

Katika siku zile za 2008 na 2009 zilienea habari kwamba Michael Jackson amesilimu. Gazeti moja la Uingereza liliandika hivyo Novemba 2008, na mwanasheria wake akakanusha. Ukweli unaojulikana ni kuwa kaka yake, Jermaine, ndiye aliyesilimu, tangu mwaka 1989. Baada ya kifo ukaenea pia wimbo wa kumshukuru Mwenyezi Mungu, "Give Thanks to Allah", ukipita simu kwa simu kwa madai kwamba ndio wimbo wake wa mwisho, uliofichwa na makampuni. Wimbo ule ni wa Zain Bhikha, Mwislamu wa Afrika Kusini, mwimbaji mashuhuri wa nashidi.

Sisi tuliusikia wimbo ule, tukafurahi, na tukautaja katika darsa kama ushahidi. Binti mmoja wa darasa la juu, Allah ambariki, akanyoosha mkono akauliza: "Maalimu, isnadi yake ni ipi?" Watu walicheka. Sisi hatukuwa na jibu. Tulikuwa tunafundisha mlango wa mudraj asubuhi, na jioni tunamtia maiti maneno ya mtu aliye hai. Wiki iliyofuata tulisimama mbele ya wanafunzi wale wale na kurudisha kauli yetu.

Tazama tulivyodhulumu watu wawili kwa mpigo mmoja. Tulimdhulumu Bhikha kazi yake, na tulimdhulumu marehemu kwa kumsemea jambo kubwa kuliko yote, imani ya moyo wake, bila ya ushahidi. Nia yetu ilikuwa njema, kama ya kijana aliyekata maneno ya baba yake. Kampuni ilitafuta fedha, nasi tulitafuta fahari, na wote tulichukua sauti ya mtu asiyeweza kutujibu.

Tulivyowajibu wale vijana

Wiki ilipotimia vijana walirudi. Tuliwauliza kwanza: "Wanangu, dada zenu wanajua?" Wakatazamana. Wana dada wawili, mmoja ameolewa Tanga, na hakuna aliyeulizwa. Tukawaambia kwamba, ikiwa kanda zile zitaleta pesa, basi ni mali ya warithi wote, wake kwa waume, na mama yao ana fungu lake. Sheria ya nchi nayo inalinda kazi ya mtunzi katika uhai wake na kwa miaka hamsini baada ya kufa kwake, na haki hiyo haiwi ya mtoto mwenye kompyuta peke yake.

Pili, tuliwaambia kikohozi na jogoo hawana ubaya kuondolewa, lakini maneno ya "sina hakika" yarudishwe mahali pake. Maneno hayo hayampunguzii maalimu heshima. Ndiyo elimu yenyewe aliyowaachia. Anayesikia mzee wa ndevu nyeupe akisema kuwa hajui amefaidika kuliko anayesikia fatwa kumi.

Tatu, mwanzoni mwa kila kanda watangaze kwa sauti yao wenyewe: hii ni darsa ya marehemu baba yetu, tumepunguza kelele, hatukugusa maneno. Na kaswida ikae mwisho, isikae chini ya sauti yake, kwani yeye hakuichagua. Nakala za asili zihifadhiwe kama zilivyo, kwa atakayetaka kulinganisha.

Kijana mkubwa akatuambia kuna kanda moja ambayo, baada ya darsa kwisha, redio ilisahauliwa haikuzimwa. Anasikika mzee akizungumza na mkewe kwa robo saa, juu ya bei ya mchele na mjukuu mwenye homa. Mdogo wake alitaka kuiweka mwishoni mwa mkusanyiko, kwa kuwa inapendeza. Tulimwambia akamuulize mama. Mama alijibu kuwa kanda ile aachiwe yeye, na hadi leo iko kwake.

Nasaha kwa familia

Leo kila mtu anaacha sanduku la bati, ingawa si la bati. Limo ndani ya simu: ujumbe wa sauti, video za harusi, picha, maneno tuliyoyatamka kwa hasira na tukasahau kuyafuta. Na zana za kuvigeuza vitu hivyo zimekuwa nyepesi. Novemba 2023 kundi la Beatles lilitoa wimbo "Now and Then" kwa sauti ya John Lennon, aliyefariki mwaka 1980. Sauti hiyo ilichopolewa na mashine kutoka katika utepe mbovu wa nyumbani, kwa ridhaa ya waliobaki na kwa kutangaza wazi kilichofanyika. Siku hizi akili mnemba inaweza kwenda mbali zaidi, ikamsemesha maiti maneno ambayo hakuyatamka kabisa. Kilichohitaji studio na mamilioni ya dola mwaka 2014, mtoto wa sekondari anakijaribu leo chumbani kwake. Wako watakaomfufua babu kwa njia hiyo ili awape watoto nasaha siku ya Idi. Wako pia watakaomfufua ili abadilishe wasia.

Kwa hiyo tunausia mambo machache. Andika wasia wako, na ndani yake taja sauti yako, picha zako na maandishi yako: nani azishike, zipi zitolewe, zipi zifutwe. Ikiwa una kazi ambayo hujairidhia, iandike juu yake kwamba hujairidhia. Na wewe uliyebaki, kabla hujaigusa kazi ya marehemu jiulize maswali matatu: Je, aliridhia, au dalili za maisha yake zinaonyesha angeridhia? Je, nimeonyesha mpaka kati ya kazi yake na yangu? Je, kila mwenye haki, maiti na aliye hai, amepata haki yake? Ukikosa jibu katika mojawapo, liache sanduku limefungwa. Kufungwa kwake hakumdhuru marehemu kitu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu maalimu wetu, atujaalie kuwa wakweli kwa waliotutangulia, na atupe watakaokuwa wakweli kwetu tutakapokuwa hatuwezi tena kujibu. Amin.

Wabillahi tawfiq.